Usharika wa Wageni: Misheni ya Vyuo Vikuu, Mji wa Unguja na Kiswahili cha Maandishi, 1864–1930

1.0 Utangulizi



Historia ya Kanisa la Kianglikana mjini Unguja kwa kawaida husimuliwa na wanahistoria wa dini. Historia ya usanifishaji wa Kiswahili husimuliwa na wanaisimu. Kila upande una tarehe zake na watu wake mashuhuri, na ni nadra pande hizi mbili kusomana. Mwanahistoria wa dini humtaja Edward Steere kama askofu aliyejenga kanisa kuu pale Mkunazini. Mwanaisimu humtaja kama mwandishi wa sarufi ya mwaka 1870. Wote wawili huwapita haraka watu waliokaa kati ya kanisa lile na sarufi ile, yaani waumini wenyewe.

Katika mhadhara huu nakusudia kuwaweka watu hao mahali pao. Nitaeleza jinsi kundi la wamisionari lilivyoanzisha usharika mpya katika mji ambao haukuwahitaji, jinsi usharika huo ulivyojaa watu ambao mji wenyewe uliwahesabu kuwa wageni na watumwa, na jinsi mahitaji ya lugha ya watu hao yalivyoathiri Kiswahili tunachokiandika leo. Nitatumia neno usharika kwa maana ya jumuiya ya waumini wanaosali mahali pamoja, ingawa najua kwamba Waanglikana wengi wa Tanzania huita mtaa.

Hoja yangu ni hii: misheni ile ilikuja kupanda kanisa miongoni mwa watu wenye lugha na nchi yao, ikaishia kukusanya watu walionyang'anywa vyote viwili. Kiswahili ndicho kilichowafanya kuwa jumuiya moja. Kwa hiyo maamuzi yaliyofanywa kuhusu Kiswahili chao, yaani kiwe cha nani, kiandikwe vipi na kichukue maneno gani, yalikuwa maamuzi kuhusu watu, na matokeo yake bado tunaishi nayo.

2.0 Kutoka Cambridge hadi Shangani

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilitokana na mwito uliotolewa na David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge tarehe 4 Desemba 1857. Vyuo vikuu vya Cambridge na Oxford viliitikia, na baadaye Durham na Dublin vikajiunga. Mpango wa awali haukuhusu pwani wala Kiswahili. Ulikuwa mpango wa kwenda bara, katika nyanda za juu za mto Shire, katika nchi inayoitwa Malawi leo, na kuanzisha huko kituo cha dini, kilimo na biashara halali ambacho kingeshindana na biashara ya watumwa.

Kundi la kwanza liliongozwa na Askofu Charles Frederick Mackenzie na kuweka kituo Magomero mwaka 1861. Kundi hilo lilijikuta katikati ya vita, njaa na homa. Mackenzie alifariki tarehe 31 Januari 1862. Mrithi wake, William George Tozer, alilitazama eneo lile, akapima vifo na umbali, akaamua kuondoka. Mwaka 1864 alihamishia misheni Unguja akiwa pamoja na rafiki yake Edward Steere, kasisi wa kijiji katika jimbo la Lincolnshire ambaye pia alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria.

Uamuzi huo ulilaumiwa sana Uingereza. Livingstone mwenyewe hakuupenda, kwa kuwa aliuona kama kukimbia. Tozer alikuwa na sababu iliyo wazi. Unguja ilikuwa njia panda ya Afrika Mashariki yote. Misafara ya Unyamwezi, Uyao na pwani ya Kilwa iliishia hapo. Meli za Bombay, za Uarabuni na za Ulaya zilitia nanga hapo. Na lugha ya mji ule ilikuwa imekwisha kutangulia bara pamoja na misafara. Anayetaka kufika Nyasa, alisema Tozer kwa vitendo kama si kwa maneno, aanze kwa kukaa Unguja na kujifunza.

Wamisionari walipata makazi Shangani, katika jumba linalojulikana mpaka leo kwa jina la Mambo Msiige. Walikuwa wachache, wageni katika dola ya Kiislamu iliyokuwa chini ya Sultani Majid bin Said. Hawakuwa wa kwanza kufika kwa nia hiyo: mapadre Wakatoliki kutoka kisiwa cha Réunion walikuwa wamefika Unguja mwaka 1860. Wala hawakufukuzwa. Mji wa Unguja ulikuwa umezoea watu wa dini nyingi: Waibadhi, Wasunni, Washia, Wahindu, Waparsi. Mji uliwaacha wamisionari wakae. Kuwasikiliza lilikuwa jambo jingine.

3.0 Waumini wa Kwanza

Katika maelezo ya kawaida ya kazi ya misheni, wahubiri hufika mahali, huhubiri, wenyeji wachache huamini, na usharika huzaliwa. Mjini Unguja mambo hayakwenda hivyo. Wenyeji wa mji walikuwa Waislamu wenye madrasa, misikiti, makadhi na fasihi ya karne nyingi. Kwa Mswahili wa Unguja, kubadili dini kungekuwa kuacha ukoo, ndoa, urithi na heshima ya uungwana. Katika miaka yote ambayo mhadhara huu unaihusu, walioongoka kutoka jamii hiyo walikuwa wachache mno.

Waumini wa kwanza walitoka baharini. Mwaka ule ule wa 1864, Sultani Majid aliwakabidhi wamisionari wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Hao ndio waliokuwa shule ya kwanza na, kwa maana halisi, usharika wa kwanza. Baada yao walikuja wengine, wavulana na wasichana, waliokamatwa na manowari za Kiingereza katika majahazi yaliyokuwa yakielekea Uarabuni na Ghuba. Mmoja wa wale watano, John Swedi, aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1879.

Tuwatazame watoto hawa kwa jicho la mwanaisimu. Alikuwapo Myao, Mmakua, Mnyasa, Mbisa, Mngindo, Mzaramo. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama aliyoipoteza pamoja na mama. Hawakuwa na lugha moja ya kuombea maji ya kunywa, sembuse ya kusalia. Kiingereza hawakukijua, na Steere hakutaka kiwe lugha ya usharika. Lugha pekee iliyowezekana ilikuwa ile ya mji uliokuwa umewapokea kama bidhaa.

Hapa inafaa kuweka tahadhari. Si misheni iliyogundua kwamba Kiswahili kinaweza kuwaunganisha watu waliong'olewa kwao. Mji wa Unguja ulikuwa ukifanya kazi hiyo tangu zamani. Mtumwa aliyeletwa kutoka bara alijifunza Kiswahili shambani au nyumbani kwa bwana wake, mara nyingi akasilimu, na wanawe au wajukuu wake wakahesabiwa kuwa Waswahili. Msikiti ulikuwa usharika wa waliong'olewa kabla ya kanisa. Jambo jipya katika misheni lilikuwa kwamba watu hawa walifundishwa kusoma na kuandika Kiswahili kwa hati za Kirumi wakiwa kundi zima, wavulana kwa wasichana, tangu siku za mwanzo.

Kwa ajili hiyo misheni ilipata shamba la Kiungani, kusini mwa mji, likawa chuo cha wavulana, na baadaye shamba la Mbweni, mbele zaidi, likawa kijiji cha watu walioachwa huru na shule ya wasichana. Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, alifundisha huko Mbweni kwa miaka mingi, akafia hapo mwaka 1926. Katika vijiji hivyo kulizaliwa kizazi cha pili, na kwa watoto hao Kiswahili hakikuwa tena lugha ya kujifunza. Kilikuwa lugha ya mama.

4.0 Sheikh, Mfasiri na Zaburi

Steere alianza kujifunza Kiswahili mara alipofika. Alikuwa na kazi za Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuchapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850, lakini kazi hizo zilitegemea Kiswahili cha Mombasa na tahajia isiyokuwa rahisi. Steere aliamua kusikiliza upya, mjini Unguja, akisaidiwa na wenyeji wa mji. Katika utangulizi wa mwongozo wake wa Kiswahili wa mwaka 1870 anawataja baadhi yao. Mmoja ni Hamisi wa Kayi, kijana Mswahili. Mwingine ni Sheikh Abdul Aziz, ambaye watafiti wa historia ya ulamaa humtambua kuwa ni Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyekuwa kadhi Unguja.

Habari ya Sheikh Abdul Aziz ndiyo inayonishughulisha zaidi. Steere anaeleza kwamba Sheikh alijitolea kuzifasiri Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili bora na safi kabisa. Tulitafakari jambo hilo. Mwanachuoni wa Kiislamu, kadhi, anakubali kukaa na kasisi Mwingereza na kuifasiri Zaburi, ambayo kwa Mwislamu ni kitabu alichopewa Nabii Daudi. Katika meza ile palikuwa na heshima ya pande mbili, na palikuwa na elimu ya hali ya juu ya Kiswahili.

Kazi hiyo ilikoma kwenye Zaburi ya kumi na sita. Steere anatoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Ya pili ni nzito zaidi: lugha yake ilikuwa ya kisomi kupita mahitaji ya tafsiri iliyokusudiwa.

Sentensi hiyo moja inabeba uamuzi mkubwa wa upangaji lugha. Kiswahili cha Sheikh Abdul Aziz kilikuwa Kiswahili cha mtu aliyekulia katika kusoma. Kilichota kutoka Kiarabu cha dini na sheria, na kilikuwa ndugu wa Kiswahili cha tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu tangu zamani. Hati ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Hicho ndicho kilichohesabiwa kuwa Kiswahili safi na waliokuwa na mamlaka ya kuhukumu. Steere alikikubali kuwa hivyo, kisha akakiacha, kwa sababu waliokuwa wakae kwenye mikeka ya kanisa walikuwa watoto wa Kiyao na Kimakua waliojifunza Kiswahili mwaka mmoja au miwili iliyopita.

Je, alifanya sawa? Kuna majibu mawili, na yote mawili yana haki yake. Kwa upande mmoja, alichagua lugha ambayo mnyonge angeielewa, na huko ni kumheshimu mnyonge. Kwa upande wa pili, alifungua njia ya Kiswahili cha shule kisichohitaji elimu ya ulamaa, na baada ya vizazi vichache Kiswahili hicho kikawa kipimo cha wote, pamoja na wajukuu wa ulamaa. Wasomi wa Mombasa na wa Unguja waliolalamika katika karne ya ishirini kwamba Kiswahili sanifu kimetengenezwa na wageni kwa ajili ya wageni walikuwa wanayaona matokeo ya uamuzi ule. Kosa la malalamiko yao, kama ni kosa, ni kudhani kwamba wageni waliokusudiwa walikuwa Wazungu peke yao.

5.0 Mkunazini

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko ya hadhara ya watumwa. Soko la Unguja lilikuwa Mkunazini. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na mmisionari Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa zawadi na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindu. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo.

Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874 baada ya Tozer kujiuzulu, alisimamia ujenzi mwenyewe. Alitumia mawe ya matumbawe yaliyochanganywa na saruji, na akaezeka kwa kuba refu la zege ambalo wengi walitabiri kwamba lingeanguka. Halikuanguka. Mapokeo ya mji yanasema kwamba saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash. Ukumbi wa kanisa, kwa hiyo, ulisimama juu ya ardhi iliyotolewa kwa sehemu na Mhindu, ukapigiwa saa na Sultani Mwislamu. Hivyo ndivyo mji wa Unguja ulivyokuwa, na historia yoyote ya usharika huu inayousahau mji haitoshi.

Lakini tusikose kuona jambo moja. Mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya watumwa, haukufuta utumwa. Utumwa ulibaki halali Unguja hadi amri ya mwaka 1897. Kwa miaka mingi waumini wa Mkunazini walisali pale walipouzwa watu, huku nje ya ukuta wakipita watu waliomilikiwa na watu wengine kwa mujibu wa sheria. Baadhi ya waumini walikuwa wamepita sokoni wenyewe. Katika hali hiyo ndimo msamiati wa ibada ulimotafutwa.

6.0 Maneno ya Watu Walioachwa Huru

Msamiati wa Kikristo wa Kiswahili kwa sehemu kubwa ni msamiati wa Kiislamu. Maneno dhambi, toba, imani, sala, malaika, shetani, roho, nabii na injili yalikuwa yamekwisha kukaa katika Kiswahili kwa karne nyingi, na wamisionari waliyachukua kama walivyoyakuta. Hata neno kanisa na neno msalaba yana asili ya Kiarabu. Neno Mungu ni la Kibantu, na Waislamu wa pwani walikuwa wakilitumia kabla ya Mkristo yeyote wa misheni kufika. Usharika mpya uliomba kwa maneno ya jirani yake.

Palipokuwa na mpaka, mpaka ulionekana. Matoleo ya awali ya Unguja ya Agano Jipya yalimwita Yesu kwa jina linalofahamika na Waislamu, Isa Masiya. Jina hilo halikudumu. Yesu Kristo ndilo lililoshinda na kuenea. Kwa maoni yangu, badiliko hilo linatueleza jambo kuhusu usharika wenyewe. Isa lilikuwa jina la kuzungumza na mji. Yesu lilikuwa jina la jumuiya iliyokwisha kukubali kwamba mji hautaingia, na ikaanza kujitambulisha kwa majina yake yenyewe.

Mfano wangu mkuu, hata hivyo, unahusu mzizi mmoja wa Kibantu: -tum-. Kutokana na mzizi huu tunapata mtumwa, mtume na mtumishi. Kimofolojia mtumwa ni yule anayetumwa, umbo la kutendwa lililogeuzwa jina. Mtume ni yule aliyetumwa na Mungu. Waislamu walilitumia, na wanalitumia, kumtaja Mtume Muhammad. Mtumishi ni yule anayetumika kwa ajili ya mwingine, na neno hili lina heshima zaidi kuliko mtumwa. Maneno haya matatu ni ndugu wa tumbo moja, lakini mjini Unguja yaliishi katika nyumba tofauti kabisa. Mtume alikuwa msikitini. Mtumwa alikuwa shambani na sokoni.

Nyaraka za Paulo zinamwita mwandishi wake kwa maneno mawili ya Kigiriki yanayolingana na mtumwa na mtume. Katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 maneno hayo yamekaa pamoja katika ufunguzi wa Waraka kwa Warumi. Msomaji wa leo huyapita bila kushtuka. Mtu aliyeuzwa Mkunazini hakuweza kuyapita hivyo. Kuambiwa kwamba mtume anajiita mtumwa, na kwamba Bwana wa mbinguni anaitwa kwa neno lile lile alilomwitia aliyekuwa akimmiliki, ni jambo ambalo lingeweza kumfariji, na lingeweza kumwudhi.  

Neno lililowafaa zaidi lilikuwa mkombozi. Kitenzi komboa kilikuwa neno la kawaida la maisha: kukomboa ni kukitoa kitu kilichowekwa rehani, au mtu aliyetekwa au aliyekuwa mtumwa, kwa kulipa mali. Katika lugha nyingi za Ulaya neno linalolingana na hili lilikuwa limekwisha kuwa la kitheolojia tu, na maana yake ya kifedha ilikuwa imefifia. Kwa Kiswahili cha Unguja maana hiyo ilikuwa hai. Kila muumini alijua bei ya mtu. Neno hilo halikubaki kanisani. Karne moja baadaye lilikuwa neno la siasa: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilifanya makao yake Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963. Sidai kwamba siasa zililitoa kanisani moja kwa moja. Nadai kwamba neno lilifika karne ya ishirini likiwa na kumbukumbu ya watu walionunuliwa na kuachwa huru.

7.0 Kutoka Kiungani hadi Kamati ya Lugha

Usharika wa mjini haukukusudiwa kubaki mjini. Mwaka 1876 Steere aliongoza msafara wa watu walioachwa huru kutoka Unguja kurudi bara, na makazi yao yakawa Masasi. Magila, katika Usambara, nako kulikuwa na kituo. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyesomeshwa na misheni, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Kazi yake aliifanya miongoni mwa Wayao, huko Chitangali. Kila kundi lililotoka Unguja lilichukua vitabu vya Unguja, tahajia ya Unguja na Kiswahili cha Kiungani. Wale walioletwa pwani kwa minyororo bila kujua Kiswahili, wao na wenzao walikirudisha bara kwa maandishi.

Mjini kwenyewe misheni ilikuwa karakana ya lugha. Steere alichapisha makusanyo ya Kishambaa mwaka 1867, orodha za maneno ya Kingindo, Kizaramo na Kingazija mwaka 1869, makusanyo ya Kiyao na Kinyamwezi mwaka 1871, na ya Kimakonde mwaka 1876. Hakuhitaji kusafiri ili kuzipata lugha hizo. Biashara za pwani na bara, ile ya watumwa ikiwa mojawapo, ziliwaleta wasemaji wake mlangoni kwake. Agano Jipya lilitoka mwaka 1879; Biblia nzima ya Unguja ilikamilika mwaka 1891, baada ya Steere kufariki mwaka 1882. Mwaka 1888 lilianza Kiungani gazeti la Msimulizi, ambalo wanahistoria wa uandishi wa habari hulihesabu miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili.

Arthur Cornwallis Madan, mwalimu wa misheni hiyo hiyo, alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Godfrey Dale, kasisi wa misheni mjini Unguja, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, kwa nia ya mabishano ya dini; ulamaa wa Kiislamu hawakuipokea, na baadaye walitoa tafsiri zao wenyewe, ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya mwaka 1969 ikiwa mashuhuri.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiunguja kilikuwa na hazina ya miaka sitini ya sarufi, kamusi, vitabu vya shule na wasomaji. G. W. Broomfield, kasisi wa misheni, alikuwa miongoni mwa washiriki wa kazi ya usanifishaji. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inasema wazi kwamba imejengwa juu ya ile ya Madan. Hapana shaka zilikuwapo sababu nyingine: ukubwa wa Unguja katika biashara, kuenea kwa lahaja hiyo kupitia misafara, na utawala wa Wajerumani Tanganyika uliotumia Kiswahili. Hata hivyo serikali za kikoloni zilichagua kitu kilichokuwa kimekwisha kuandaliwa, na waliokiandaa ni pamoja na watoto wa majahazi.

8.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, kwa kipimo cha waliotumwa kuanzisha usharika mjini Unguja, kazi yao ilifaulu kidogo. Mji haukuwa wa Kikristo, na haujawa. Kwa kipimo cha lugha, matokeo yalikuwa makubwa kuliko mtu yeyote alivyopanga. Usharika wa watu wasiokuwa na kabila moja ulihitaji Kiswahili kisichokuwa mali ya ukoo wala cha elimu ya wachache, na Kiswahili cha namna hiyo ndicho kilichofundishwa baadaye kwa mamilioni ya watu ambao nao hawakuwa na kabila moja.

Tuliupata mlango huo mpana kwa gharama. Tulipoteza nafasi ya kuwa na nathari ya shule iliyolelewa na akina Sheikh Abdul Aziz, na ufa kati ya Kiswahili cha shule na Kiswahili cha wasomi wa pwani haujazibika kabisa. Mwanafunzi wa leo anayesoma isimu bila kusoma tenzi amerithi ufa huo, apende asipende.

Namalizia kwa jambo linalohusu kazi yetu moja kwa moja. Mwaka 1887 Madan alichapisha London kitabu alichokiita Kiungani. Ndani yake mna habari zilizoandikwa na wavulana wa shule za misheni: jinsi walivyotekwa, walivyouzwa kutoka mkono hadi mkono, njia walizopita, desturi za makwao. Waliziandika kwa Kiswahili. Madan akazifasiri, na kitabu kilichotoka kilikuwa cha Kiingereza. Hivyo basi, baadhi ya nathari za mwanzo za Kiswahili kwa hati za Kirumi, zilizoandikwa na Waafrika kuhusu maisha yao wenyewe, zilimfikia Mwingereza kabla ya kumfikia Mswahili.

Katika silabasi zetu tunawafundisha wanafunzi majina ya Krapf, Steere, Madan na Johnson, na ni haki kufanya hivyo. Napendekeza tuwafundishe pia kwamba Steere alikuwa na walimu, na kwamba Madan alikuwa na waandishi. Wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada wazifuate nyaraka za misheni na kuziuliza maswali ya kiisimu: wavulana wale waliandika Kiswahili cha namna gani? Kiyao na Kimakua viliacha alama gani katika sintaksia yao? Maneno gani waliyakwepa, na kwa nini? Hayo ni maswali yanayojibika, na ni deni letu kwao.